Kichaka Nilichokiruka

Majani makavu yakifyekwa jua likiwa kali hutoa harufu tamu yenye vumbi, na ikinifikia popote nilipo, viganja huanza kuniwasha. Wiki jana kijana mmoja alikuwa akifyeka kando ya barabara mjini Meru, nami nikasimama pale na mifuko yangu ya sokoni hadi akaniuliza kama nimepotea.

Mtanisamehe, utoto wangu ulinuka hivyo. Tulikaa upande wa Ruiri, ukingoni mwa msitu, na kila kiangazi kila boma lilipewa kipande chake cha laini. Laini ni ukanda mtupu kati ya msitu na mashamba, unaofyekwa na kufagiliwa mpaka udongo uonekane, ili moto ukija ukose cha kula. Mwenyekiti wa kazi hiyo alikuwa Mama. Alikagua vipande vya wenzake ameinama kama anayetafuta sindano, na sisi wanawe tulimwona msumbufu tu.

Nilipokuwa na miaka tisa, nilimkuta kwale amelalia mayai sita kwenye kichaka katikati ya kipande chetu. Nilikiruka kichaka kile, nikafyeka kwingine kote kwa bidii ya mnafiki. Wiki hiyo Mama alikuwa na homa, hakuja kukagua.

Moto ulikuja Jumamosi mchana. Ulipofika kwenye laini ulitambaa huku na huku, ukapata pa kupitia: kichaka changu. Ukavuka hadi kwa jirani yetu, Baba Mutwiri, ukateketeza mizinga yake yote ya nyuki kabla watu hawajauzima kwa matawi mabichi.

Asubuhi Mama alinishika mkono tukaenda pale. Mayai yalikuwa meusi, yamepasuka. Nililia sana. Mama aliyafukia kwa mguu, akaningoja ninyamaze, tukarudi.

Kwenye mkutano bwana misitu aliuliza kipande kile ni cha nani. Mama akasimama.

"Ni changu. Nilikuwa mgonjwa, nikasema hapo padogo nitamaliza kesho. Baba Mutwiri, unisamehe."

"Wewe, Mama Kendi?" Baba Mutwiri akasema. "Na vile unatusumbuanga na kajani kamoja!"

Watu walicheka, kicheko kibaya. Siku hiyo hiyo wakachagua mwenyekiti mwingine. Naona aibu kuwaambia, lakini mimi nilifurahi. Sikuwa nimejulikana, na Mama sasa angeshinda nyumbani.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipokuja kumuuliza kwa nini alilibeba kosa langu. Alikuwa akichagua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Uenyekiti hata mwingine anaweza, Kendi. Lakini wewe wangekuita yule mtoto alichoma mizinga, mpaka uolewe, na huko pia jina hilo likufuate."

Ndipo nilipokumbuka viangazi vilivyofuata. Kila mwaka Mama alifyeka kipande chetu peke yake, na mwenyekiti mpya alipokuja kukagua, Mama alisimama kando, mikono nyuma, kama mtoto anayengoja daftari lake lisahihishwe.