Jina Ambalo Sijalitaja

Aliniuliza swali ambalo hata mtoto mdogo angelijibu.

Nje ya dirisha lilikuwepo lori la kupeleka watu mpakani, injini inanguruma tayari. Jibu nilikuwa nalo mdomoni.

Nikanyamaza.

Msinicheke kwanza. Nitawasimulia ilivyokuwa, halafu mtaamua wenyewe kama nilikuwa mjinga.

Mimi ni Waridi. Nimezaliwa Uvira, Kongo. Vita vya kwetu vilinitoa shuleni darasa la tano, vikanivusha mpaka, vikanitupa Buyenzi, Bujumbura, kwa mama mdogo Mwanvua aliyekuwa anauza vitenge.

Nilikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Mgeni akipiga hodi mbele, mimi natokea mlango wa nyuma. Watoto wa mtaani waliniita Bubu.

Sasa, mwaka 2000 mambo yalibana. Burundi nako kulikuwa na vita, na askari walipita mtaa kwa mtaa wakikagua. Mgeni asiye na karatasi alipandishwa lorini, moja kwa moja hadi mpakani Gatumba, avuke arudi kwao.

Kwetu nyumba ilishachomwa. Waliokuwemo ndani sikuwaona tena. Kurudi kwangu kulikuwa kwenda kufa.

Mama mdogo akaona njia moja tu: niolewe na Mrundi, nipate kitambulisho cha kukaa moja kwa moja.

Bwana harusi alikuwa Huseni, fundi wa magari kwenye gereji moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Kijana mpole, kucha hazitoki grisi. Hakutaka hata faranga. Mwaka 1995, mtaa wao wa Kamenge ulipowaka moto kwa vita, mama mdogo aliwaficha chumbani kwake yeye na mama yake. Sasa alikuwa analipa wema.

Tukakubaliana hivi. Tunaoana, napata karatasi, kila mtu anashika njia yake.

Asiyejua alikuwa mama yake, Mama Khadidja. Huseni alisema mama yake hawezi uongo. Askari akimuuliza, atamwaga kila kitu.

Basi shehe akatuozesha, komini, ofisi ya serikali ya mtaa, wakatuandika, nikahamia kwao. Nyumba ya vyumba viwili. Mama akishazima taa chumbani kwake, Huseni anashusha mkeka kutoka juu ya kabati, anauburuta hadi karibu na mlango, analala. Mimi kitandani, nimegeukia ukuta.

Mama Khadidja alizaliwa mlimani, Muramvya. Alisilimu alipoolewa, ila mila za kwao hakuziacha. Asubuhi ya kwanza tu aliniita jikoni.

"We sasa ni mukazana wangu," akasema, yaani mke wa mwanawe. "Mukazana hataji jina la baba mukwe. Hata mu ndoto."

Nikainamisha kichwa. Nilijua habari ya baba mkwe. Alikuwa fundi cherehani. Siku ile Kamenge inawaka, alirudi nyumbani kuokoa cherehani yake. Hakuonekana tena. Hakuna aliyeona maiti.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Lakini mama, baba si..."

"Si nini?"

Nikainama, nikachochea moto.

"Wengine walishamusomea hitima," akasema. "Mi apana. Mukazana akimuheshimu, bado ni baba mu hii nyumba. Usinimalizie mume wangu kwa mudomo wako."

Tangu hapo nikashika adabu. Hata yule mzee wa duka la kona, aliyekuwa na jina hilohilo, nilimwita Mwenye Duka. Huseni alikuwa ananiangalia tu, anatabasamu.

Miezi ikapita. Tukaitwa biro ya wageni, ofisi inayotoa vitambulisho.

Mama mdogo akanikalisha chini, akanipiga mazoezi kama mtoto wa madrasa. Huseni anakunywa chai gani? Nani analala upande wa ukuta? Baba mkwe anaitwa nani?

"Hilo la mwisho ndilo wanalolipenda. Litaje nisikie."

"Nalijua."

"Litaje, we mutoto."

"Nitalitaja kule."

Kule tulimkuta Mzee Melchior, ofisa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwita Huseni peke yake kwanza. Huseni akatoka ametota jasho, akapelekwa chumba cha pili bila kunitupia neno.

Nikaingia.

"Nani analala upande wa ukuta?"

"Mimi."

Akatazama alichoandika. "Bwana yako naye anasema ni yeye. Kitanda chenu kina kuta mbili?"

Askari wa mlangoni akacheka.

Akauliza chai. Nikasema ya tangawizi. Akatingisha kichwa: bwana anasema tangawizi inamuwasha koo, hajaionja tangu utoto.

Kumbe mama mdogo alinikaririsha majibu ya kujitungia tu, na chai ya Huseni mimi sikuwahi kuipika, alipika mama yake!

Melchior akavua miwani. "Dada, leo asubuhi nimeshatoa hapa mabibi harusi wawili wa uongo. Wamo mu lile lori. Nakuuliza la mwisho. Baba mukwe wako anaitwa nani?"

Hilo nililijua. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Lakini akilini nikamwona Mama Khadidja. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, alikuwa amekung'uta kitambaa cha kufunikia cherehani ya mumewe, akakikunja, akakirudisha pembeni ambako hapana cherehani.

"Ni baba," nikasema.

"Baba nani?"

"Baba ya Huseni."

Askari akacheka tena. Melchior hakucheka.

"Hujui, ao hutaki?"

"Najua."

"Basi sema."

"Siwezi, mzee." Machozi yakaanza kunitoka. "Mama anamungoja. Nikimutaja nitamumalizia mume wake."

Akaweka kalamu chini. Kisha akamwambia askari anitoe nje, amrudishe Huseni ndani.

Nje maana yake ilikuwa kwenye lori. Askari akanionyesha gurudumu, nikanyage nipande. Juu kulikuwa na mama mmoja mwenye kitenge cha njano. Akaninyooshea mkono, akaniambia taratibu, "Panda, binti. Kaa karibu na mi."

Nikakanyaga gurudumu. Nikashika mkono wake.

"Dada, shuka."

Alikuwa Melchior, amesimama mlangoni, Huseni nyuma yake.

"Nimemuuliza bwana yako unamuitaje baba yake," akasema. "Kasema humuiti. Kasema hata mwenye duka wa jina moja naye hujawahi kumutaja. Hilo hamukufundishana." Akavaa miwani yake. "Wale wa karatasi hilo jina wanalisoma kama radio. Mama yangu alizeeka bila kutaja la babu yangu. Ingia, tupige mohuri."

Nikashuka. Mkono wa yule mama ulikuwa wa moto, na nilikuwa bado nausikia kwenye kiganja changu lori lilipoondoka naye. Hata jina sikumuuliza.

Tukarudi nyumbani. Mama Khadidja alikuwa anachambua maharagwe.

"Mumeipata?" akauliza, macho kwenye ungo.

"Tumepata nini, mama?" Huseni akajifanya.

"Karatasi."

Nikakificha kitambulisho nyuma ya mgongo.

"Tangu usiku wa kwanza nasikia mukeka unaburutwa," akasema. "Bibi na bwana hawaburuti mukeka."

Huseni akakaa chini kama gunia. Akauliza mbona alinyamaza muda wote huo.

"Mulinificha ili nisiseme. Basi sikusema."

Mimi, Bubu wa Buyenzi, nikajikuta nasema. "Mama, kama ulijua mi ni wa karatasi, mbona ulinifundisha vile?"

Mikono yake ikasimama kwenye maharagwe.

"Kumungoja peke yangu kulinichosha," akasema. "Nilitaka tuwe wawili."

Jioni ile kitambulisho kilikuwa mkononi na makubaliano yalikuwa yamefika mwisho wake. Huseni aliingia chumbani, akashusha mkeka, akasimama nao. Alitaka kuuliza kama nakaa au naondoka. Na mimi kusema nisingeweza, haya zinaniua.

Nikamnyang'anya ule mkeka. Nikatoka nao hadi kwa mama, nikautandika mbele yake.

"Huu tutaanikia maharagwe," nikasema.

Mama akacheka mpaka akapaliwa.

Baba hajarudi. Vita vimekwisha na hajarudi. Kitambaa bado kinakung'utwa kila asubuhi, siku hizi nakikung'uta mimi. Mwanetu wa kwanza alipewa jina lake. Mtaa mzima unamwita kwa jina hilo, mimi namwita Babu.

Mwaka huu nilimpeleka kuanza shule. Mwalimu akauliza mtoto anaitwa nani. Nikanyamaza. Akaniangalia kama mtu aliyeiba mtoto, ikabidi Huseni aitwe kutoka gereji.

Nilichojifunza ni hiki, na elimu yangu ni ya darasa la tano. Serikali inaweza kukupa ruhusa ya kukaa mahali. Kuwa mtu wa pale unapewa na wale unaowabebea kilio chao kama chako.

Najua huko chini kwenye maoni mtaniuliza jina lenyewe.

Nalijua.

Muulizeni Huseni.