Mama Chapa Ashika Kalamu Yake

Saa moja asubuhi, mlango wa steshenari iliyo mkabala na lango la chuo unafunguliwa kwa teke, maana bawaba zimegoma. Mama Chapa anawasha mashine ya fotokopi, anaipiga kofi mara mbili, nayo inaitika.

"Tumezeeka pamoja," anasema akicheka. "Yeye anakwama karatasi, mimi nakwama magoti."

Kwa miaka kumi na minne amechapa tasnifu za Kiingereza za watu wengine, kurasa thelathini kwa siku. Wenyewe wakihitimu, yeye alibaki palepale kitini. Mwaka jana, akiwa na miaka arobaini na mitatu, akajiunga na shahada ya ualimu. Sharti lilikuwa moja: kwanza afaulu somo la uandishi wa Kiingereza cha kitaaluma. Akifeli mara mbili, nafasi imekwenda.

Mara ya kwanza alifeli. Insha yake ilikuwa tamu mno, na mhadhiri akamwita ofisini.

"Mama, sentensi hizi umezitoa wapi?"

"Kichwani, mwalimu."

"Kichwani mwa nani?"

Hapo ndipo alipong'amua. Miaka yote ile vidole vyake vilikuwa vimekariri maneno ya wateja. Alipokaa kuandika, yalitoka yenyewe, bila kutaja walioyaandika.

"Nilipewa sifuri, nikalia kama mtoto," anakiri. "Mwizi gani hata hajui ameiba nini?"

Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyemfuta machozi. "Mke wangu, acha kuchapa. Shika kalamu."

Akashika. Kwa miezi mitatu, kila asubuhi kabla ya wateja kuingia, aliandika ukurasa mmoja kwa mkono. Kila wazo la kuazima, alitaja lilikotoka.

"Kiingereza kilichechemea," anasema, "lakini kilitembea kwa miguu yangu."

Insha ya pili ilieleza kwa nini wanafunzi huandika kazi zao siku ya mwisho. Nani angejua zaidi ya aliyewahudumia wakihema? Alipata themanini na moja, alama ya juu kuliko zote. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa, na vijana wa umri wa wanawe wakasimama kumpigia makofi. Kwa kweli, alistahili.

Baada ya miaka mitatu anataka kuchapa tasnifu yake mwenyewe. Mteja anaulizia jalada jekundu la tasnifu lililo juu ya rafu.

"Hilo siuzi, mwanangu," anasema. "Lina mwenyewe."