Uso wa Setsuyo Juu ya Dirisha

Siku zake za mwezi zilipoanza kumpiga chenga, Setsuyo alikuwa amekula tofu, ile jibini laini ya soya, maisha yake yote. Alizaliwa kwa wauza tofu, akaolewa kwa wauza tofu, hapo hapo Omachi, mji ulio chini ya milima ya theluji. Joto lilipompanda ghafla shingoni hakuna aliyegundua, maana kila alfajiri alisimama kwenye mvuke wa soya inayochemka, na jasho ni jasho.

Mwaka huo alikuja bwana wa kampuni ya vidonge, Nagamori. Vidonge vyake vilitokana na soya. Ndani mna isoflavoni, alieleza, kitu cha mmea kinachofanana na homoni ya kike. Kinatuliza joto na kulinda mifupa. Alitaka mwanamke wa kuonyesha kwenye tangazo. Yasuhei, mumewe Setsuyo, akamsukuma mkewe mbele.

"Mtazame huyu. Amenyooka kama mwanzi."

Bango lenye picha yake likabandikwa juu ya dirisha la duka, na wateja wakaongezeka.

Setsuyo mwenyewe alikuwa akiota kitambi bila kuongeza chakula, na usingizi ulikuwa umemhama. Alipokwenda kupimwa, daktari, mama wa makamo, alimwambia sukari imeanza kupanda, na mifupa yake imekonda kuliko inavyopasa kwa umri wake.

"Lakini daktari, mimi soya nimeanza kula kabla ya kujua kusema."

"Soya ni chakula kizuri, na wengine inawasaidia kidogo. Kuna vijidudu vya tumboni vinavyoipa isoflavoni nguvu zaidi, ila karibu nusu yetu hatuna. Unavyo, huna, sijui. Kwa mifupa hii siwezi kukuachia tofu peke yake. Nakuandikia dawa."

Yasuhei aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Uende duka la dawa, watu wakuone? Bango lile ndilo linatulisha, Mama. Kunywa maziwa ya soya, tembea tembea, utakaa sawa."

"Mama yako alikula tofu kunishinda, Baba, na alikufa amepinda, anatazama vidole vya miguu."

"Mama alipindishwa na kulima mpunga. Usimwingize humu."

Na Setsuyo, tuseme kweli, bango lile alilipenda. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kusimama barabarani kumtazama. Dawa hakuichukua.

Majira ya baridi yaliyofuata aliinama kunyanyua ndoo ya soya iliyolowekwa, kitu kikalia mgongoni kama kijiti kikavu. Hospitalini wakamwambia pingili ya uti wa mgongo imebonyea. Alipoweza kusimama tena alikuwa mfupi kuliko zamani, na nguo zote zilimning'inia mbele. Yasuhei aliwaambia wateja kwamba mkewe aliteleza kwenye barafu. Wakaamini.

Nagamori alikuja kumjulia hali, na keki kwenye boksi. Alizungumza macho yakiwa ukutani. Baada ya hapo bango jipya likapanda, na uso ulikuwa wa Kikue, wifi yake. Setsuyo akahamishiwa chumba cha nyuma, kufunga tofu kwenye vifuko.

"Nenda kapime mifupa, wifi," alimwambia Kikue.

"Wivu huo. Ulipokuwa wewe pale juu, ulimtuma nani akapime?"

Setsuyo akafunga kifuko kilichofuata.

Dawa alikwenda kuichukua mwenyewe, mchana kweupe, akipita mbele ya maduka yote. Daktari alimwambia itashikilia kilichobaki. Kilichobonyea hakinyooki tena.

Asubuhi moja Yasuhei alikuwa uani, na Setsuyo akasimama dirishani badala yake. Mama mmoja mteja, Hatsue, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii tofu yenu inasaidia kweli? Joto linaniua."

"Ni chakula, kula. Lakini vidonge visikudanganye. Nenda kapime mifupa. Mimi sikuteleza popote."

Yasuhei alikuwa ameingia. Alilifunga dirisha taratibu, mteja akiwa bado nje.

"Unataka tule nini, Mama?"

"Tofu," Setsuyo alijibu, akarudi kwenye vifuko vyake.

Hatsue hakuja tena. Setsuyo alisikia baadaye kwamba siku hizi ananunua supamaketi, tofu pamoja na vidonge vya Nagamori, vile vyenye uso wa Kikue.