Mkono wa Kuchapa

Nilijiunga na darasa la mjeledi kwa sababu ya bega. Daktari alisema nilifanyishe mazoezi, na mimi si mtu wa kurukaruka na muziki. Kila Jumamosi ukumbi wa kanisa hapa Voi hukodishwa na watu wa karate, na saa nne huwa ni zamu ya mjeledi, ambao kwao ni silaha kama rungu. Nimestaafu ualimu, muda ninao.

Sikujua anayefundisha ni nani hadi nilipoingia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tano kule Marungu. "Karibu, mwalimu," akasema. Nami, kwa kuwa ndiyo kanuni ya pale, nikamjibu, "Asante, mwalimu." Vijana wakacheka.

Mjeledi wenyewe ni ngozi ya ng'ombe iliyosukwa, na nchani una nyuzi za mkonge. Ukirushwa sawasawa unalia ta! bila kugusa kitu. Wangu haukulia wiki tatu nzima. Ulikuwa ukianguka miguuni pangu kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika. Ebo, nilikasirika!

"Urushe, mwalimu, usichape," aliniambia. "Huo ni mkono wa kuchapa."

Hakusema kwa ubaya, lakini yaliniingia. Huyu nilimchapa karibu kila wiki, viboko viwili vya kiganja, kwa kuchelewa. Nikimwuliza kwa nini, anasema alilala sana. Msimu wa mahindi Marungu nzima inapiga madebe kufukuza ndovu mashambani, yeye anasema alilala. Sasa nilitaka kujua kama anakumbuka, na niliona haya kumwuliza. Hilo ndilo lililonirudisha pale kila Jumamosi, si bega.

Wiki ya nne ukalia. "Shosho ni moto!" vijana wakapiga kelele, kama wanavyomwita kila bibi mzee. Nilifurahi, sikatai.

Ili upewe mjeledi wako uende nao nyumbani, ni lazima kwanza ukate karatasi aliyoishika mwalimu. Siku ya mtihani alishika ukurasa wa daftari kwa ncha za vidole, mkono ameunyoosha, huku akitaniana na kila kijana aliyekuja kukata. Macho yake hayakuuacha mjeledi hata mara moja. Ndivyo alivyotufundisha: anayeshika haondoi macho.

Ikafika zamu yangu. Nikapima hatua, nikainua mkono. Akageuza uso pembeni, akafumba macho, bega likapanda hadi karibu na sikio. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akisimama mbele yangu darasani. Sidhani alijua amefanya hivyo.

Mkono wangu ulikataa. Niliuweka mjeledi sakafuni.

"Kuna nini, mwalimu?" akauliza, macho bado ameyafumba.

"Pole," nikamwambia. "Kwa zile asubuhi za ndovu."

Akafumbua macho, akanitazama.

"Kumbe ulijua ni ndovu?"

"Nilijua."

Akaukunja ule ukurasa mara mbili, akautia mfukoni, akamwita anayefuata.