Sura ya Bi Mwanamkasi

Mpaka leo nikisikia mtu anataka "kuchangamsha" kitu, damu hunichemka.

Kamati ya tamasha la chakula ilimwendea Salha kwa kuwa kazi yake inaonekana. Hapa mtaani kwetu Shika Adabu, kutoka kinyozi hadi muuza kuku, kuta za maduka zimechorwa kwa mkono wake. Walitaka mhusika mmoja wa kulibeba tamasha zima, kwenye mabango na fulana. Salha akamchora mamake, Bi Mwanamkasi, anayepika mahamri barazani: leso kiunoni, mwiko mkononi, jicho moja kalifumba kwa moshi. Mimi jirani yao nilipoonyeshwa nilicheka mpaka machozi, maana ni yeye mtupu. Mama mwenyewe hakuonyeshwa. Salha alitaka kumshtukiza.

Mabango yakatundikwa. Astaghfirullah! Kumbe kamati ilimpa fundi mwingine auchangamshe mchoro. Jicho lilelile, mwiko uleule, lakini makalio wameyavimbisha, leso imeteremka, ulimi uko nje. Mwanamke ambaye hata dirishani hasimami bila mtandio! Wanaume wa kijiweni wakaanza: "Bi Tamasha, tingisha kidogo!" Bi Mwanamkasi akazima jiko, akajifungia ndani.

Salha akamwendea mwenyekiti, Bwana Munga, mbele ya watu.

"Huyu ni mamangu!"

"Dada, hiyo ni katuni tu," akajibu, anacheka. "Watu wanampenda."

Wanampenda! Hana haya, hajui vibaya. Ningekuwa na mchi mkononi siku ile, wallahi, tungeongea mengine.

Salha alichukua kopo la rangi nyeupe, akafuta bango moja baada ya jingine mchana kweupe, na mimi nikimshikia ngazi. Hakuna aliyethubutu kutugusa. Tukarudi kwake tumechafuka, tumejaa ushindi.

"Mama, nimeyafuta yote."

Bi Mwanamkasi alikuwa ameketi mkekani, karai limefunikwa.

"Na fulana walizovaa watu?"

Salha akaliweka kopo chini.

"Makalio wameongeza wao, mwanangu. Hii sura yangu walipewa na nani? Uliniuliza?"

Nilitaka kumtetea Salha. Lakini hata mimi niliuona mchoro ule kabla ya mwenye sura, na nilichofanya ni kucheka.