Siku Baba Aliposhika Maikrofoni

Nilianza kuandika blogu nikiwa nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja la Kitale. Wateja wakipungua, nilitoa simu na kuandika kuhusu wadi yetu kule Bungoma. Mheshimiwa wetu, mwakilishi wa wadi, alikuwa amemaliza vipindi viwili na alitaka cha tatu. Baba yangu ndiye aliyekuwa wakala wake katika kituo cha kupigia kura tangu uchaguzi wa kwanza.

Kilicholeta taabu ni picha ya zahanati ambayo mheshimiwa aliifungua kwa kukata utepe. Niliipiga kupitia dirisha nilipoenda nyumbani. Ndani hamkuwa na kitanda wala dawa, ila saruji iliyoganda na mbuzi wa jirani amelala. Nikaandika kwamba wajawazito wetu bado wanapelekwa hospitali ya Sirisia kwa pikipiki, na mmoja alijifungulia njiani. Kufikia jioni picha hiyo ilikuwa imefika mbali, hadi Cheptais.

Baba akapiga simu.

"Mama," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Hiyo kitu uitoe."

"Kuna uwongo ndani yake?"

"Sijauliza kama ni uwongo. Watu wananiangalia vibaya."

"Siitoi, Baba. Nenda uchungulie mwenyewe."

Akakata simu. Hatukuongea kwa wiki tatu, na nikisema sikuumia nitakuwa nadanganya. Lakini niliendelea kuandika.

Kisha wapiga debe wa mheshimiwa wakatangaza kwamba mzazi wangu atanikana hadharani, kwenye mkutano wa sokoni. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nilisimama nyuma, karibu na akina mama wanaouza omena, ili anikane akiniona.

Mheshimiwa alimwita Baba jukwaani. "Huyu ndiye baba ya yule msichana wa mtandao. Mzee, ambia watu ametumwa na nani."

Baba alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Nilienda kule zahanati juzi," alisema. "Nimechungulia dirishani. Ile mbuzi bado iko."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Huyu mtoto hajatumwa na mtu. Ni mimi nilimpeleka shule, nikamwambia asiseme uwongo. Sasa ati nimkane juu ya nini?"

Walimpokonya maikrofoni wakafungulia muziki. Baba alishuka polepole, akavua kofia ya kampeni, akaikunja na kuiweka mfukoni. Aliponifikia aliuliza neno moja tu: "Umekula?"

Mheshimiwa alishindwa. Wako wanaosema blogu ndiyo iliyomwangusha. Mimi nasema aliangushwa na wanawake waliochoka kujifungulia barabarani. Mimi niliandika tu walichokuwa wakisema kila siku bila kusikizwa.

Mshindi alinipigia kabla hajaapishwa. Alitaka nijiunge na ofisi yake, niwe naandika mazuri.

"Mheshimiwa," nikamjibu, "nitaandika nitakachokiona."

"Basi nitakupigia tena," alisema. Hajapiga.

Baba hakuwa wakala wa mtu tena. Alinunua simu yenye kamera, na wiki iliyopita alinitumia picha ya daraja lililobomoka kwenye barabara ya Myanga. Hakuandika neno lolote, na kidole gumba chake kimeziba pembe moja. Niliichapisha hivyo hivyo.