Gorofa Kando ya Kaburi la Mama

Ile barua niliiandika mimi. Sitaki kumsingizia mtu. Baba aliketi kwenye stuli ya jikoni akisema kwa Kikamba, nami, mwalimu mzima wa darasa la sita, nikawa naandika kwa Kiswahili cha kupendeza, nikipiga mstari kwa rula chini ya maneno mazito. Nilijiona hodari kweli. Aya ya tatu ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, ile iliyotaja kaburi la mama na ni futi ngapi kutoka mpaka wa jirani. Nilisema moyoni, hapa hata afisa mwenye roho ya jiwe atatoa leso.

Wazazi wangu walihamia Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, baba alipokaribia kustaafu kutoka kiwanda cha simiti. Aliuza shamba letu la Ukambani, lote, hakubakisha hata pa kufunga mbuzi, akanunua ploti ya futi hamsini kwa mia kutoka kwa mzee mmoja Mmaasai aliyekuwa akikata ardhi yake vipande vipande. Wakati huo Kitengela ilikuwa nyasi na upepo. Pundamilia walikuja asubuhi kujikuna kwenye nguzo za fensi yetu, na mama aliwafukuza kwa ufagio kama kuku. Baba akajenga nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, akapanda ua wa kayaba pande zote, wenye miiba ya kumtoa mwizi machozi.

Mama alipofariki, miaka michache baadaye, hakuna aliyeuliza azikwe wapi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani. Na nyumbani ni wapi, kama shamba limeuzwa? Ni hapa. Tukachimba nyuma ya nyumba, karibu na ua, tukamlaza pale jinsi tungemlaza kule kwa mababu, tukaweka msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe. Tulitumia ploti ya mjini kama shamba la ukoo. Nimewajua Wakamba wengi waliofanya hivyo hivyo, na sijamsikia hata mmoja aliyekwenda kuomba ruhusa. Nani anaomba ruhusa ya kumzika mamake?

Halafu mji ukafika, na ulikuja kwa malori ya mawe na kokoto. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, Rongai ilikuwa imeshajaa, na watu wanaofanya kazi Nairobi walianza kutafuta vyumba upande wetu. Jirani wa kushoto aliuza ploti yake kwa bwana mmoja mstaafu, mpole, mtu wa salamu. Huyo bwana akaja na ramani ya gorofa tano. Nyumba ishirini za kupangisha.

Baba alikataa tangu siku ya kwanza, na mimi nilibishana naye. Lazima niseme hivyo pia. Siku hizo nilikuwa nimepanga Rongai, gorofa ya nne, na kila mwisho wa wiki nilikuja kumwona.

"Baba, mimi nakaa gorofa," nilimwambia. "Wanaokaa huko ni walimu, manesi, makarani. Watu watalala wapi?"

"Walale. Nimewakataza kulala?"

"Sasa unapinga nini?"

Alizoea kuniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Mwaitu," akasema, "huko kwako Rongai, chini yako kuna nani?"

"Kuna bucha."

Hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha vigingi ambavyo mafundi walikuwa wamepiga upande wa pili wa ua. Kitengela haikuwa na bomba la maji taka. Kila jengo lilijichimbia shimo lake, na likijaa linaitiwa lori la kunyonya, na lori lisipokuja, sote twajua. Shimo la nyumba zile ishirini lilikuwa limepimwa pale pale kwenye ua, upande wa miguu ya mama.

"Watu mia wataenda choo," baba akasema. "Hayo maji yatateremka kwa nani?"

Hasira yangu yote ya kubishana iliniishia pale pale, nikaona aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekuja na maneno ya maendeleo, kumbe hata kuchungulia ng'ambo ya ua sikuwa nimechungulia. Jioni hiyo ndipo nilipoiandika ile barua.

Miezi ilipita, jengo likapanda hadi gorofa ya pili huku shimo likiwa bado ni vigingi tu, ndipo wenye pingamizi tukaitwa Kajiado, kwenye ofisi inayohusika na mambo ya ujenzi. Tulipanda basi la barabara ya Namanga, baba, mimi, na yule mzee Mmaasai aliyetuuzia ploti. Mzee alikuwa akienda soko la mifugo, lakini aliposikia shauri letu alisema ng'ombe watangoja. Alibaki nasi kutwa nzima, shuka begani, rungu mapajani, bila kulalamika hata mara moja.

Ukumbi ulijaa. Haikuwa kesi yetu peke yetu. Kitengela nzima ilikuwa imeanza kugombana na gorofa. Mama mmoja alilia kwamba nguo za wanawe hazikauki tena, jua linazibwa kuanzia saa sita. Mwingine alisema anaoga akichunguliwa. Kisha akasimama yule bwana wetu mstaafu, na Mungu anisamehe, aliongea vizuri.

"Mimi nimezaliwa kwa nyumba ya udongo," alisema. "Sikuwahi ota kukaa juu ya kichwa ya mtu. Lakini hawa vijana wanaamka saa kumi asubuhi kufika kazini, wanarudi watoto wamelala. Ploti ni ndogo. Kama hatuwezi kwenda kando, si tuende juu? Ama tuwaambie warudi kwao?"

Watu walimpigia makofi. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa karibu kuwafuata, kwa sababu mmoja wa hao vijana wa kuamka saa kumi nilikuwa mimi.

Afisa alikuwa kijana mpole, mwenye miwani. Akaichukua barua yangu akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye shimo la choo alitikisa kichwa kwa masikitiko, nikamkanyaga baba mguu kwa furaha: tumeshinda! Akafika aya ya tatu. Akaisoma, akarudia kimoyomoyo, akainua macho.

"Mzee, hili kaburi liko ndani ya ploti ya makazi?"

"Ndiyo. Ni la bibi yangu."

"Mlikuwa na kibali?"

"Kibali ya nini?"

"Ya kuzika hapo."

Baba alinigeukia mimi. Hakumtazama afisa, alinitazama mimi, mwenye kusoma, aliyeiandika barua.

Afisa hakuwa mkali. Alieleza polepole, kama mtu anayeona vibaya kusema anachosema. Jengo litaendelea, lakini shimo lisogezwe upande wa barabara. Hapo tulipata tulichokwenda kuomba. Lakini kuhusu kaburi, alisema, hawezi kujifanya hakusikia. Atakuja Jumanne kuangalia kwa macho yake, na kama lipo, familia itaandikiwa kulihamisha.

Kwenye basi nilimwomba baba msamaha mara tatu. Mara ya tatu aliniambia ninyamaze, si kwa hasira, kwa uchovu tu, na hiyo ilinichoma zaidi. Tungemhamishia wapi? Shamba la Ukambani lilikuwa na mwenyewe, ameshajenga, ameshazaa watoto pale. Makaburi ya umma baba hakutaka hata kuyasikia. Na kumfukua ndiko kulikomtisha kuliko yote.

"Mtu hafukuliwi kama viazi," alisema tulipofika nyumbani. Alisema hivyo tu, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi, nami nikiwa nimeomba ruhusa shuleni, yule mzee Mmaasai alikuja na mtungi wa maziwa. Baba alimsalimia "Supa," naye akaitikia "Ipa," kama siku zote, wakaketi na chai yao nyuma ya nyumba wakiuangalia msalaba. Walizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake.

"Sisi ya zamani hapana weka alama," mzee alisema. "Mama yangu iko hapo mbele, karibu na ile barabara ya lami. Ng'ombe inapita, gari inapita. Hakuna mtu inajua. Lakini mimi najua."

"Na inakutosha?"

Mzee alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu.

"Siku ingine inatosha," akasema. "Siku ingine hapana."

Mzee alipoondoka, baba aliniita nilete jembe. Sikuuliza la nini, nilijua. Alikuwa ameshaung'oa msalaba. Ulikuwa umelala chini ya kitanda chake, umefungwa kwa blanketi. Alianza kusawazisha ule mwinuko, taratibu, na kila bonge la udongo mweusi alilivunja kwa mkono. Nami nilizoa majani makavu nikayamwaga juu. Lakini udongo uliochimbwa haufichiki. Ulitununia pale, mweusi na mlaini, na mtu yeyote angeuliza hapa pana nini. Nikamwagia maji ukawa tope, nikangoja jua liukaushe, bado ukaonekana.

"Itabidi ukanyagwe," baba alisema.

Aiya! Nilimwambia mimi siwezi. Nilimwambia hata akinipiga siwezi. Kwetu hata kuruka kaburi ni mwiko, sembuse kulikanyaga. Baba hakunilazimisha. Aliketi chini, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja akazitia ndani ya viatu. Kisha akapanda juu ya mama akaanza kukanyaga, akienda na kurudi, hatua ndogo ndogo, kwa miguu mitupu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sijui alikuwa akimwambia nini. Mafundi wa jirani, waliokuwa gorofa ya pili, waliacha kazi wakatutazama, na hakuna aliyecheka. Mwishowe nilivua viatu vyangu nikaenda nikamshika mkono, kwa sababu alikuwa mzee na goti lake moja lilikuwa bovu, na tukakanyaga pamoja hadi chini pakawa pagumu. Nililia nikikanyaga. Hiyo ndiyo kazi ya mikono na miguu yangu, na barua yangu ndiyo iliyoileta.

Jumanne afisa alifika kama alivyoahidi, na faili kwapani. Alizunguka nyumba. Aliangalia ua, akaangalia choo chetu, akaangalia ule uwanja tulioukanyaga na kuufagia.

"Mzee, liko wapi?"

Baba, mwanamume aliyepanda basi hadi Kajiado kusema mbele ya watu kwamba mkewe yuko hapa, sasa alitakiwa aseme hayuko. Hakuweza. Nikaona akigeuza macho kunitafuta, nami nikasogea mbele.

"Barua ilikosea," nilisema. "Niliiandika mimi. Mama alizikwa Ukambani."

"Ukambani?"

"Ukambani. Kwa mababu."

Afisa alinitazama kupitia ile miwani. Mpaka leo sijui kama aliniamini au alinihurumia. Aliandika mstari mmoja kwenye faili, akaifunga. Kisha akapiga hatua tatu mbele ili aione vizuri gorofa ya jirani, akasimama pale hasa, juu ya kifua cha mama, shingo nyuma, akihesabu madirisha.

Baba akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Afisa aligeuka akamwona hivyo, akaona haya kidogo.

"Asante, mzee," akasema. "Vaa tu kofia. Mimi ni kijana wako."

"Sawa," baba akajibu, lakini hakuivaa mpaka yule kijana aliposogea.